Maoni si Kura: Madai Sita Kuhusu Vyama vya Marekani na Watu Waliobadili Jinsia

Tangu Donald Trump amshinde Kamala Harris Novemba 2024, kila mchambuzi ana jibu lake kuhusu watu waliobadili jinsia. Mmoja anasema suala lao ndilo lililowazamisha Wademokrati. Mwingine anasema halikuhusika hata chembe. Wa tatu anakishauri chama kiwatose, wa nne anakiambia kinyamaze. Wote wana takwimu mkononi, na mara nyingi ni takwimu zilezile. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Ninachosema mimi ni hiki: chama kinachohesabu ni wangapi wanakubali jambo na wangapi wanalikataa, bila kupima jambo hilo lina uzito gani mpiga kura anapoishika karatasi ya kura, kitakosea hesabu, kiwe cha kulia au cha kushoto. Nitayachukua madai sita yanayorudiwa mara kwa mara, nikianza na lile maarufu kuliko yote.

Dai la kwanza: Tangazo moja ndilo lililompa Trump ushindi

Tangazo lenyewe linajulikana. Mwaka 2019, Harris alipokuwa akiwania kuteuliwa na chama chake, alijaza dodoso la ACLU, shirika la kutetea haki za raia. Humo aliunga mkono wafungwa na wahamiaji walio kizuizini kupata matibabu ya kubadili jinsia kwa gharama ya serikali. Miaka mitano baadaye kampeni ya Trump ikalifufua jibu hilo, ikalirusha katikati ya mechi za mpira wa Kimarekani, na kumalizia kwa kumwambia mtazamaji kwamba Harris yuko upande wa watu wale, Trump yuko upande wako wewe. Kwa jumla, Warepublican walitumia zaidi ya dola milioni 200 mwaka huo kwa matangazo ya televisheni yaliyogusa suala hili.

Fedha hizo ni nyingi, lakini itazame ramani. Mwaka 2020 Joe Biden alishinda kura za nchi nzima kwa takriban pointi 4.5, mwaka 2024 Trump akashinda kwa takriban pointi 1.5. Nchi, basi, iliyumba kwa pointi 6 hivi. Wisconsin iliyumba kwa pointi moja na nusu tu, na Pennsylvania kwa karibu 3. Hayo ndiyo majimbo yaliyomiminiwa matangazo mchana na usiku. New Jersey, ambako hakuna aliyetazamia ushindani, Wademokrati walishuka kutoka ushindi wa pointi 16 hadi 6. Kama tangazo ndilo lililoamua, tungeona kinyume chake. Ni kweli kwamba Harris naye alimwaga fedha katika majimbo ya ushindani, na huenda fedha hizo ziliupunguza mporomoko. Lakini hilo nalo linatuambia kwamba wimbi lilikuwepo hata pale ambapo tangazo halikufika kwa kishindo.

Wimbi hilo lilikuwa la gharama za maisha. Katika utafiti wa AP VoteCast, karibu wapiga kura wanne kati ya kumi walitaja uchumi na ajira kuwa jambo kubwa kuliko yote, na wawili kati ya kumi wakataja uhamiaji. Mwaka huohuo Conservative walifagiliwa Uingereza, chama tawala cha Japani kikapoteza wingi wake katika baraza la chini, ANC ya Afrika Kusini ikaanguka hadi asilimia 40, na BDP ya Botswana ikang'olewa baada ya kutawala tangu uhuru wa 1966. Gaborone hawakuliona tangazo la Trump.

Dai la pili: Kama ni hivyo, tangazo lile lilikuwa kelele tupu

Hili ni dai la upande wa pili, nalo halisimami. Gazeti la New York Times liliripoti kwamba Future Forward, mfuko mkubwa wa kampeni uliokuwa ukimuunga mkono Harris, ulilipima tangazo mojawapo na kukuta limewasogeza waliolitazama kwa pointi 2.7 kuelekea kwa Trump. Kipimo cha aina hiyo huchukuliwa mtu akiwa ametoka tu kutazama, na athari hufifia siku zinavyokwenda. Hata hivyo, wanaofanya kazi ya matangazo ya kisiasa wanajua kuwa tangazo linalosogeza watu kiasi hicho si la kupuuzwa.

Baada ya uchaguzi, taasisi ya utafiti ya Blueprint, inayoegemea Wademokrati, iliwapa wapiga kura orodha ya sababu za kutomchagua Harris. Kwa wapiga kura wote, mfumuko wa bei na uhamiaji vilitangulia. Lakini kwa wale waliokuwa wakisitasita kisha wakaishia kwa Trump, sababu iliyoongoza ni kwamba Harris anashughulikia zaidi mambo ya kitamaduni, kama ya waliobadili jinsia, kuliko kuwasaidia watu wa kipato cha kati.

Sababu hiyo ina sehemu mbili, na ya pili ndiyo yenye sumu. Mpiga kura huyo hakuwa akilalamika kuhusu homoni za wafungwa. Wengi hawajawahi kukutana na mfungwa wa aina hiyo. Alikuwa akisema: bei ya mayai imenishinda, na huyu anahangaikia wengine. Tangazo lilichukua hasira iliyokuwepo tayari kuhusu maisha na kuipa sura na jina.

Nao Wademokrati waliolengwa na tangazo hawakujibu. Oktoba 2024 Harris alipoulizwa kwenye kituo cha Fox News, alisema atafuata sheria, akaongeza kwamba hata serikali ya Trump iliifuata sheria hiyohiyo. Kisheria lilikuwa jibu sahihi. Kisiasa halikuwa jibu, kwa sababu mtazamaji hakuwa akiuliza sheria inasemaje bali yeye Harris anamfanyia kazi nani. Washauri wanaosema dawa ya suala hili ni kunyamaza wajiulize kimya kile kilinunua nini.

Dai la tatu: Wamarekani wengi wanawapinga waliobadili jinsia

Hapa takwimu hukatwa vipandevipande, na kila mtu akaondoka na kipande kinachomfaa. Februari 2025 kituo cha utafiti cha Pew kilikuta asilimia 66 ya watu wazima wanataka wanamichezo waliobadili jinsia wacheze katika timu za jinsia waliyozaliwa nayo. Asilimia 56 walitaka matibabu ya kubadili jinsia yapigwe marufuku kwa watoto. Katika utafiti huohuo, asilimia 56 walitaka sheria ziwalinde waliobadili jinsia dhidi ya ubaguzi kazini, kwenye nyumba za kupanga na katika maeneo ya umma.

Makundi hayo hayatengani. Asilimia 66 na asilimia 56 haziwezi kukaa pamoja bila mamilioni ya watu kuwa katika zote mbili. Kuna Mmarekani asiyetaka kumwona msichana aliyezaliwa mvulana kwenye mbio za wasichana, na ambaye papo hapo hataki msichana huyo afukuzwe kazi au anyimwe chumba. Ukimwita mtu huyo adui wa haki umemkosea, na ukimwita mwenzako wa kupiga marufuku umemkosea vilevile.

Ukweli wenyewe pia ni kwamba upepo umebadilika. Mwaka 2022 Pew ilikuta asilimia 58 kwenye swali la michezo, 46 kwenye swali la matibabu ya watoto na 64 kwenye swali la ulinzi dhidi ya ubaguzi. Katika maswali yote matatu watu wamesogea upande wa tahadhari. AP VoteCast nayo ilikuta zaidi kidogo ya nusu ya wapiga kura wa 2024 wakisema uungaji mkono wa haki hizi serikalini na katika jamii umepita kiasi. Mwanaharakati anayesema kwamba wananchi wako naye na ni wanasiasa tu wanaogopa, anasoma takwimu za juzi.

Lakini hata anayeshangilia asome zote. Kampuni ya kura za maoni ya Gallup ilikuta mwanzoni mwa 2025 kwamba asilimia 58 wanaunga mkono waliobadili jinsia kutumikia jeshini bila kujificha. Imeshuka kutoka 71 mwaka 2019, ila bado ni wengi. Trump alitia saini amri ya kuwazuia Januari 2025, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ikairuhusu ianze kutekelezwa kesi zikiendelea. Aliyeshinda kwa bei za vyakula hakupewa na mpiga kura hundi isiyojazwa kiasi.

Dai la nne: Mgombea anayewatetea lazima aanguke

Mwaka 2016 gavana Mrepublican wa North Carolina, Pat McCrory, alitia saini sheria iliyowalazimu watu kutumia vyoo vya shule na majengo ya serikali kwa kufuata jinsia iliyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Kampuni ya PayPal ikafuta mpango wa kituo chenye ajira 400 mjini Charlotte. Ligi ya mpira wa kikapu ya NBA ikahamishia New Orleans mechi yake ya nyota ya 2017. Novemba, Trump akalichukua jimbo hilo kwa zaidi ya pointi 3, na siku hiyohiyo McCrory akashindwa na Mdemokrati Roy Cooper kwa kura zipatazo 10,000. Barabara ya kulipia iliyowakera watu wa vitongoji vya Charlotte nayo ilimgharimu. Lakini lililo wazi ni kwamba sheria ya vyoo haikumwokoa.

Mwaka uliofuata, huko Virginia, Danica Roem, mwanamke aliyebadili jinsia, alimwangusha Bob Marshall, mbunge wa jimbo aliyekaa kitini tangu 1992 na aliyepeleka mswada wake mwenyewe wa vyoo. Roem hakujificha. Alipoulizwa kuhusu nafsi yake alijibu, kisha akarudi kwenye foleni za magari za Barabara ya 28, ambazo kila mkazi wa Manassas alizijua kwa uchungu. Mwaka 2023 gavana wa Kentucky, Andy Beshear, alitumia kura ya turufu kuzuia sheria dhidi ya matibabu ya watoto waliobadili jinsia, akieleza kwa lugha ya imani yake kwamba watoto wote ni wa Mungu. Bunge likaipitisha sheria hiyo licha ya pingamizi lake, matangazo yakamshambulia miezi yote ya kampeni, na bado akashinda kwa pointi 5 katika jimbo ambalo Mdemokrati anayewania urais huchapwa vibaya. Novemba 2025, Mrepublican Winsome Earle-Sears aliiga karibu neno kwa neno tangazo la Trump dhidi ya Mdemokrati Abigail Spanberger katika kinyang'anyiro cha ugavana wa Virginia. Spanberger alishinda kwa takriban pointi 15.

Wagombea hao hawafanani kwa msimamo. Wanafanana kwa mpangilio: mpiga kura alikwisha kuwajua kwa jambo jingine, liwe barabara, hospitali au bili ya umeme, kabla tangazo halijaingia sebuleni. Tangazo likafika likakuta nafasi imejaa.

Dai la tano: Chama kikiuacha msimamo wake, kura zitarudi

Baada ya 2024 hili ndilo lililovuma zaidi miongoni mwa Wademokrati wenyewe. Mbunge Seth Moulton wa Massachusetts alisema hataki mabinti zake wakumbane uwanjani na aliyezaliwa mvulana. Machi 2025 gavana wa California, Gavin Newsom, akaliita suala la michezo kutokutenda haki. Chama kina haki ya kubadili mawazo, na katika swali la michezo wapiga kura wengi wako upande huo. Swali ni kama kubadili mawazo kunaleta kura.

Mdemokrati Colin Allred alijaribu. Akiwania useneta wa Texas mwaka 2024, na akishambuliwa na seneta Mrepublican Ted Cruz kwa suala hilihili, alitoa tangazo akisema hataki wavulana wacheze katika michezo ya wasichana. Alishindwa kwa pointi zaidi ya 8. Ni kweli alimzidi Harris, aliyeshindwa jimbo hilo kwa karibu 14. Lakini seneta Tammy Baldwin wa Wisconsin, aliyeshambuliwa kwa matangazo ya aina hiyo bila kurudi nyuma, alikitetea kiti chake siku Harris anapoteza jimbo. Baldwin alikuwa ameungwa mkono na shirika la wakulima la Wisconsin, jambo la nadra kwa Mdemokrati. Maziwa na mashamba yalimfanyia kazi ambayo tangazo la kujitetea halikumfanyia Allred.

Uingereza inatoa fundisho la upande mwingine. Julai 2023 Labour waliachana na mpango wa kumruhusu mtu abadili jinsia yake kisheria kwa kujitangaza mwenyewe bila uchunguzi wa daktari. Mwaka mmoja baadaye walishinda viti zaidi ya 400. Wanaodai mabadiliko yale ndiyo yaliyoleta ushindi husahau kwamba Labour walipata karibu asilimia 34 tu ya kura, na kwamba Rishi Sunak, waziri mkuu wa Conservative, aliliinua suala la jinsia kwa nguvu zake zote, hadi kuahidi kubadili sheria ya usawa, na akaishia na viti 121. Australia ilikwisha kuyaona hayo mwaka 2022. Waziri mkuu wa wakati huo, Scott Morrison, alimsimamisha jimboni Warringah mgombea aliyejulikana hasa kwa kampeni dhidi ya waliobadili jinsia michezoni. Kiti kile kilibaki kwa mgombea binafsi, na viti vingine vya Sydney na Melbourne, ngome za chama chake kwa miongo mingi, vikaenda na maji.

Anayehama msimamo wakati wa kampeni hukabiliwa na hatari nyingine ambayo kura za maoni hazionyeshi vizuri: mpiga kura hujiuliza, kama amewaacha hawa kwa tangazo moja, mimi ataniacha lini?

Dai la sita: Vyama hufuata tu matakwa ya wananchi

Dai hili ndilo lenye heshima kuliko yote, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Aprili 2016 Trump mwenyewe alisema kwenye televisheni kwamba Caitlyn Jenner, mwanariadha mashuhuri aliyebadili jinsia, angeweza kutumia choo chochote anachotaka katika jengo la Trump Tower. Kauli hiyo haikumzuia kuteuliwa na chama chake mwaka huohuo.

Baada ya vyoo kumtia hasara McCrory, wanaharakati wa kihafidhina walitafuta mlango mwingine. Shirika la American Principles Project lilifanya majaribio ya ujumbe kuhusu michezo ya wasichana katika uchaguzi wa gavana wa Kentucky mwaka 2019. Mgombea wao akashindwa, ila wao waliona ujumbe unawagusa watu. Machi 2020 Idaho ikawa jimbo la kwanza kuwapiga marufuku waliobadili jinsia katika michezo hiyo, na hadi 2025 majimbo zaidi ya 25 yalikuwa yamefuata. Swali liliteuliwa, likapimwa, likapelekwa kwa wananchi, ndipo wananchi wakaulizwa wanaonaje.

Gavana wa Utah, Spencer Cox, ambaye ni Mrepublican, aliliona hilo. Machi 2022 alitumia kura ya turufu dhidi ya marufuku ya jimbo lake na kuandika barua yenye hesabu: wanamichezo wa shule za sekondari 75,000, waliobadili jinsia 4, na kati yao mmoja tu anayecheza michezo ya wasichana. Bunge likaipitisha sheria licha ya pingamizi lake. Desemba 2024 Charlie Baker, rais wa NCAA inayosimamia michezo ya vyuo, aliiambia kamati ya Seneti kwamba kati ya wanamichezo 510,000 anawajua waliobadili jinsia wasiofika 10. Mtu anaweza kuamini kwamba hata mmoja ni mwingi. Hiyo ni hoja ya haki uwanjani na inastahili kusikilizwa. Lakini asiseme ukubwa wa suala ndio uliokilazimisha chama.

Wanaokilazimisha chama ni wajumbe na wanaharakati wake. Cox mwenyewe alizomewa katika mkutano wa chama chake wa Aprili 2024, na wajumbe wakampa mpinzani wake theluthi mbili ya kura. Akarudi kwa wanachama wa kawaida mwezi Juni, wakampitisha. Upande wa pili, dodoso lililomponza Harris halikuandikwa kwa ajili ya fundi bomba wa Pennsylvania. Liliandikwa kwa ajili ya wanaharakati wa mchujo wa 2020, ambao kura zao kila mgombea alizigombania. Vyama vyote viwili vina mizani yenye sahani iliyokwisha kuinama kabla bidhaa haijawekwa: mjumbe, mchangiaji na mwanaharakati wana uzito kuliko jirani anayepiga kura mara moja kila baada ya miaka minne. Kisha chama kinashangaa jirani huyo anapofanya hesabu tofauti.

Kwa hiyo, ukisikia asilimia imetajwa katika mjadala huu, uliza mambo matatu kabla ya kukubali. Swali liliulizwa kuhusu nini hasa: michezo, matibabu ya watoto, au kazi na nyumba? Aliyejibu angebadili kura yake kwa jibu hilo, au alijibu kwa kuwa ameulizwa? Na ni nani aliyelichagua swali hilo liulizwe leo?

Watu wanaozungumziwa, kwa hesabu ya Pew ya 2022, ni asilimia 1.6 ya watu wazima wa Marekani, wakiwamo wasiojitambulisha kuwa wanaume wala wanawake. Hawawezi kuamua uchaguzi kwa kura zao, na ndiyo maana ni rahisi kuwatumia katika uchaguzi wa wengine. Warepublican wamegundua kwamba kuwataja kunafaa pale tu mpinzani anapokuwa hajajulikana kwa lolote jingine. Wademokrati nao wanapaswa kugundua kwamba hawatalazimika kuchagua kati ya kuwatetea na kushinda ikiwa, kabla ya swali hilo kufika, mpiga kura amekwisha kupata jibu la swali lake mwenyewe: wewe unanifanyia kazi gani?